Kubadilisha Nyonga Ungali Kijana: Mwongozo kwa Mgonjwa na Jamaa Zake

Mzee wa miaka 75 akiwekewa nyonga ya bandia, yaelekea atazikwa nayo. Kijana wa miaka 30 yaelekea ataichakaza na kuhitaji nyingine. John Charnley alipoanza kuweka nyonga zake kule Wrightington, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwalenga wazee waliolemazwa na maumivu, wasiotembea sana. Hakuwa akimfikiria mchukuzi wa miaka 28 anayepita Kikuubo, sokoni Kampala, na gunia begani.

Rekodi za nchi zinazofuatilia wagonjwa kwa muda mrefu, zilizochapishwa 2019, zinaonyesha kwamba katika nyonga 100, takriban 58 bado ziko mahali pake baada ya miaka 25. Hesabu nyingine ya Uingereza, ya 2017, inasema mwanamume aliyewekewa nyonga mwanzoni mwa miaka yake ya 50 ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya watatu wa kupasuliwa tena kabla hajafa. Aliyevuka 70 ana karibu 5 kati ya 100 tu. Aliye na miaka 25 au 35 atakuwa juu zaidi ya hapo. Kwa hiyo unapoamua lini ufanyiwe, uwekewe chuma gani, nani akupasue na karatasi zipi uzitunze, ufikirie na upasuaji wa pili.

Kwanza, jua kilichoharibu nyonga

Maumivu ya nyonga yenyewe hukaa kwenye kinena, wakati mwingine hushuka pajani hadi gotini. Ndiyo maana watu wengi hupigwa eksirei ya goti mara mbili tatu na kuambiwa goti ni zima. Maumivu ya matakoni yanayoshuka nyuma ya mguu mara nyingi hutoka mgongoni. Kipimo rahisi: kaa kitini, mtu akushike mguu auzungushe kwa ndani. Kinena kikiuma au mguu ukigoma, nyonga ndiyo ya kuangaliwa. Dalili nyingine ni kushindwa kujikata kucha za miguu, kuvaa soksi, au kufungua miguu ili kupanda boda.

Kwa wazee sababu kubwa ni kuchakaa kwa gegedu, utando laini unaofunika ncha za mifupa. Kwa vijana mambo ni tofauti, na Uganda ina sababu zake. Mojawapo kubwa ni selimundu, ambayo wengi huiita siko seli: chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha fupapaja (ule mpira wa juu wa mfupa wa paja), mfupa unakufa, kisha unaporomoka kama kichuguu kilicholowa mvua. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto ulikuta takriban 13 kati ya 100 wamebeba kinasaba chake, na kaskazini, mashariki na Bundibugyo idadi iko juu zaidi. Mfupa hufa pia kwa steroidi, yaani prednisoloni iliyotumika miezi mingi au vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kichochoroni, ambavyo vingine huwa na deksamethasoni. Waragi mwingi wa miaka mingi hufanya vivyo hivyo. Wanaoishi na VVU nao hupata tatizo hili zaidi ya wengine.

Halafu kuna ajali za boda. Nyonga iliyochomoka irudishwe ndani ya saa 6, kwa sababu kila saa inayopita mishipa ya kichwa cha mfupa inazidi kunyimwa damu. Hata ikirudishwa kwa wakati, mfupa unaweza kufa polepole na dalili zikaonekana mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati ajali yenyewe imeshasahaulika. Wengine waliumia utotoni: usaha kwenye kiungo uliocheleweshwa, kifua kikuu cha nyonga, kichwa cha mfupa kilichoteleza wakati wa balehe, au kikombe, yaani shimo la fupanyonga linalopokea kichwa hicho, kilichokuwa na kina kifupi tangu kuzaliwa.

Sababu ndiyo inayoongoza matayarisho. Mwenye selimundu lazima apangiwe damu na oksijeni. Aliyewahi kuwa na usaha lazima apimwe kama vijidudu bado vimejificha. Na ambaye kichwa cha mfupa hakijaporomoka bado anaweza kuokolewa bila kuwekewa chuma.

Je, wakati umefika?

Omba eksirei ya fupanyonga lote, ionyeshe nyonga zote mbili kwenye picha moja, pamoja na picha ya upande. Kwa selimundu na steroidi ugonjwa mara nyingi hushika pande zote mbili, hata kama unalalamikia upande mmoja. Eksirei ikiwa safi na maumivu yapo, kipimo cha MRI ndicho huonyesha mfupa unaokufa mapema. Ni ghali, lakini hapa hakina mbadala, maana katika hatua hiyo daktari anaweza kutoboa mfupa kupunguza shinikizo la ndani na kuupa nafasi ya kupona. Kichwa kikishabonyea, kutoboa hakusaidii tena. Mtu akikushauri hivyo, tafuta maoni ya pili.

Kuna ushauri wa zamani unaosema, "vumilia mpaka ufike miaka 60." Hatukubaliani nao. Kijana anayevumilia miaka kumi hupoteza misuli ya tako, mguu unafupika, nyonga inakakamaa ikiwa imepinda, na mgongo na goti vinaanza kulipa deni lisilo lao. Akifika mezani, upasuaji umekuwa mgumu mara mbili. Ila pia usikimbilie. Ikiwa bado unatembea kilomita moja bila shida, unalala usiku, na dawa za maumivu unameza mara moja moja, tembea na bakora (ishike mkono wa upande mzima, si upande unaouma), punguza uzito, na urudi kupigwa picha baada ya miezi 6. Wakati umefika pale maumivu yanapokuamsha usiku, dawa hazitoshi, na kazi inayokulisha imekushinda. Usikubali sindano ya steroidi ndani ya nyonga ukiwa umebakiza chini ya miezi 3 ufanyiwe upasuaji, kwani huongeza hatari ya usaha.

Jambo moja la kuangalia kwa makini sana: nusu nyonga. Ni chuma kinachochukua nafasi ya kichwa cha mfupa tu, kikombe kikiachwa cha asili. Huwekewa wazee waliovunjika shingo ya fupapaja, na ni rahisi zaidi. Kwa kijana anayetembea, chuma hicho husaga gegedu la kikombe na baada ya miaka michache kinena huanza kuuma upya. Uliza waziwazi: "Hii ni nyonga nzima au nusu?" Na kijana aliyevunjika shingo ya fupapaja leo anatakiwa kwanza afungwe skrubu haraka, ikiwezekana ndani ya siku moja, ili kichwa chake kiokolewe.

Daktari, hospitali na bei

Nyonga nyingi Uganda hubadilishwa Kampala na kandokando yake: hospitali ya Mulago, hospitali ya CoRSU pale Kisubi kwenye njia ya Entebbe, na hospitali kadhaa za misheni na za binafsi. Jina la daktari lihakikishe kwenye orodha ya baraza la madaktari, UMDPC. Kisha muulize amebadilisha nyonga ngapi mwaka uliopita, na kati ya hizo ngapi zilikuwa za watu wenye tatizo kama lako. Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Mfupa wa mwenye selimundu huwa mgumu kama jiwe na uwazi wake wa ndani umezibazibika. Asiyeuzoea anaweza kuupasua au kutoboa pembeni. Muulize pia kama ana mashina membamba (vyuma vinavyozamishwa ndani ya fupapaja) kwenye seti yake, na ni nani atakayeitoa nyonga hiyo na kuweka nyingine baada ya miaka 15. Daktari mzuri hachukizwi na swali hilo.

Bei omba kwa maandishi, ikivunjwa kipande kipande: vyuma, chumba cha upasuaji, daktari, mtu wa ganzi, siku za wodi, dawa, vipimo, mazoezi ya viungo, na eksirei za baadaye. Vyuma hutoka nje ya nchi, hivyo bei hufuata dola. Ugomvi mwingi wa kifedha huzuka pale bei iliyotajwa mdomoni haikuhusisha vyuma, au ilihusisha siku tatu za wodi na mgonjwa akakaa nane. Damu haiuzwi, hutolewa bure na huduma ya taifa ya damu yenye makao Nakasero, lakini jamaa watakaojitolea wajulikane mapema, hasa kama kundi lako ni la nadra.

Vyuma vyenyewe

Nyonga nzima ina sehemu nne. Kikombe hukaa kwenye fupanyonga. Ndani yake kuna bitana. Kichwa, yaani mpira, huzunguka ndani ya bitana, na shina huzamishwa ndani ya fupapaja na kukishika kichwa.

Kikombe na shina hushikizwa kwa njia mbili: simenti, au kubanwa kavu ili mfupa uote kwenye vinyweleo vya titaniamu. Kwa kijana mwenye mfupa mzuri, madaktari wengi huchagua kavu. Simenti si mbaya, na mikononi mwa aliyeizoea hudumu sana, lakini kuichokonoa yote wakati wa upasuaji wa pili ni kazi ya saa nyingi.

Panapochakaa ni pale kichwa kinapokutana na bitana. Kichwa cha chuma au cha kauri juu ya plastiki ya kisasa iliyoimarishwa ndicho chaguo salama kwa wengi. Plastiki ya zamani ilitoa unga laini sana, na unga huo ndio ulioula mfupa na kulegeza vyuma; uliza kama bitana yako ni ile iliyoimarishwa kwa mionzi. Kauri juu ya kauri huchakaa kidogo mno, ila huweza kulia kama mlango usiotiwa mafuta na, mara chache, kupasuka. Chuma juu ya chuma kiepuke: nyonga ya DePuy ASR ya aina hiyo iliondolewa sokoni duniani kote Agosti 2010 kwa sababu chembe ndogo za chuma ziliharibu nyama na mfupa wa wagonjwa. Ukisikia kuna seti ya bei nafuu iliyokaa stoo, uliza ni ya aina gani na muda wake unaisha lini.

Vichwa huja kwa milimita 28, 32 na 36. Kikubwa huchomoka kwa shida zaidi, kidogo huacha nafasi ya bitana nene. Wengi siku hizi wanaishia 32 au 36 kadiri kikombe kinavyoruhusu.

Sasa jambo ambalo watu hulidharau. Kila kipande huja na stika yenye jina la kiwanda, namba ya bidhaa, namba ya toleo na kipimo. Kabla ya siku ya upasuaji mwambie muuguzi wa chumba cha upasuaji kwamba unataka seti moja ya stika hizo kwenye karatasi yako mwenyewe. Zipige picha, mtumie picha mtu mmoja unayemwamini, na karatasi iwekwe pamoja na hati ya kiwanja. Daktari atakayekupasua 2045 anahitaji kujua shina lako ni la kiwanda gani ili aagize kichwa kinacholingana nalo, au vifaa vya kulitolea. Bila stika atakisia kwa eksirei, na asipopata jibu huenda akalazimika kung'oa shina ambalo lilikuwa bado zima.

Wiki sita kabla

Vipimo vya damu ni vya kawaida: wingi wa damu, figo, ini, sukari, VVU, na viashiria vya uvimbe unaoletwa na vijidudu. Hivi vya mwisho vikiwa juu kwa mtu aliyewahi kuwa na usaha nyongani, maji ya kiungo yavutwe na kuoteshwa kabla ya kupanga siku. Mwenye kisukari alete kipimo cha sukari ya miezi mitatu (HbA1c); ikizidi 8 kwa mia, upasuaji usubiri. Anayeishi na VVU aende na kiwango cha virusi kilichoshuka, na aendelee na ARV zake hata asubuhi ya upasuaji.

Mwenye selimundu huongezewa damu mpaka hemoglobini ifike karibu 10, na isipitishwe sana hapo kwa sababu damu nzito nayo huziba. Alale hospitali usiku wa kuamkia siku hiyo akiwekewa maji ya mshipa, apewe blanketi za kutosha, na chumba cha upasuaji kisiwe cha baridi kali. Baridi, kiu na upungufu wa oksijeni ndivyo vinavyoamsha kipindi cha maumivu. Jamaa mmoja alijue hili kwa kichwa, kwa sababu zamu za wauguzi hubadilika.

Ngozi na meno visimamiwe. Jino bovu ling'olewe au lizibwe. Funza, fangasi za vidoleni, jipu na mikwaruzo ya miguu vipone kabisa kwanza. Daktari akiona kidonda kibichi kwenye mguu huo atakurudisha nyumbani, na atakuwa sahihi. Usijinyoe eneo la nyonga kwa wembe: vidonda vidogo vya wembe huwa makao ya vijidudu. Nywele zikatwe kwa mashine hospitalini. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Dawa za mitishamba zitajwe zote, bila aibu. Baadhi huongeza utokaji wa damu na nyingine hugombana na dawa za ganzi. Prednisoloni usiikatize ghafla.

Anza mazoezi ya mikono pia. Magongo hubebwa na mabega, na kijana mwenye mwili mzito asiyejiandaa huchoka kabla ya kufika chooni.

Nyumba iandaliwe kabla hujaondoka

Choo cha shimo ndicho kikwazo cha kwanza. Kuchutama ni marufuku kwa miezi ya mwanzo, na wengi wataachana nako moja kwa moja. Seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti cha mbao chenye tundu la kuwekwa juu ya shimo. Kipimo: pima toka sakafuni hadi mkunjo wa nyuma ya goti ukiwa umevaa viatu, ongeza sentimita 5 hadi 8. Hicho ndicho kimo cha kukalia. Kiwe na sehemu za kushikia pande zote mbili, miguu minne iliyotanuka, na kisichezecheze. Kwa usiku weka kingine chenye ndoo chumbani. Njia ya kwenda chooni isiwe na tope. Utelezi wa udongo mwekundu baada ya mvua umewaangusha watu wengi wenye magongo.

Kitanda kiinuliwe kwa matofali kufikia kimo hichohicho. Godoro la sakafuni halifai hata usiku mmoja. Mikeka na mazulia yasiyoshikamana yaondolewe. Vyombo vya kila siku vipandishwe juu ya meza, sigiri pia, ili mtu asiiname. Nunua mpira wa ncha za magongo wa akiba. Huisha haraka kwenye lami na kokoto.

Siku yenyewe

Chakula cha mwisho kiwe zikiwa zimebaki saa 6 kabla ya upasuaji, maji matupu mpaka zibaki saa 2. Homa siku hiyo, hata ya malaria, huahirisha upasuaji. Mguu utawekwa alama ya kalamu ukiwa macho. Hakikisha ni mguu wenyewe. Antibiotiki, kwa kawaida sefazolini gramu 2, hutolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kukatwa, na watu wengi hupewa pia traneksamiki asidi kupunguza utokaji wa damu. Ganzi mara nyingi ni ya uti wa mgongo, pamoja na dawa ya kukusinziza.

Kazi huchukua saa moja hadi mbili, au zaidi kwa mfupa wa selimundu au nyonga iliyowahi kufungwa skrubu. Daktari huchomoa nyonga, hukata shingo ya fupapaja, husugua kikombe mpaka mfupa utoe vitone vya damu, hugonga kikombe kipya kikiwa kimeinama karibu nyuzi 40, kisha hutayarisha fupapaja kwa tupa za ukubwa unaopanda hatua kwa hatua. Hujaribu kwa vipande vya majaribio kabla ya kuweka vyenyewe. Akiona nyonga inachomoka kirahisi huenda akarefusha mguu kidogo. Tofauti ya chini ya sentimita 1 mwili huizoea. Ukiamka na hisia kwamba mguu umerefuka, subiri miezi 3 kabla ya kuweka soli ya juu, kwani mara nyingi ni misuli inayojipanga.

Muulize aliingilia upande gani, nyuma, pembeni au mbele, na majibu yaandikwe. Makatazo yanayofuata hutegemea hilo.

Wiki sita za mwanzo

Utasimama siku hiyohiyo au kesho yake. Magongo yapimwe: juu yabaki nafasi ya vidole vitatu chini ya kwapa, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito ubebwe na viganja. Ukiegemea kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa na mkono kufa ganzi. Magongo yanatangulia, unafuata mguu uliopasuliwa, kisha mzima. Kwenye ngazi mguu mzima ndio hupanda kwanza, na uliopasuliwa hushuka kwanza pamoja na magongo. Ukihamia gongo moja, lishike mkono wa upande mzima. Watu wengi hufanya kinyume, wakachechemea mwaka mzima.

Aliyeingiliwa kwa nyuma, na ndivyo wengi wanavyofanyiwa, ana makatazo matatu kwa wiki 6 hadi 12: goti lisipande juu ya usawa wa kiuno, miguu isipishane, vidole vya mguu visigeukie ndani. Hatari hasa ni pale matatu yanapotokea pamoja: mtu amekaa kwenye kigoda, anainama kuokota simu upande wa nje wa mguu. Lala chali, au ubavu ukiwa na mto mnene kati ya magoti. Aliyeingiliwa kwa mbele ana hofu tofauti: asirudishe mguu nyuma huku akiugeuzia nje.

Mazoezi ni mafupi lakini ya kila siku, mara tatu, kumi kumi: kupiga kifundo cha mguu juu na chini, kukaza paja, kubana matako, kuvuta kisigino kitandani, kisha ukiwa umeshika meza, kunyanyua mguu pembeni. Hilo la mwisho ndilo linaloondoa kuchechemea, na ndilo linaloachwa kwanza.

Dawa ya kuzuia damu kuganda, sindano ya inoksaparini miligramu 40 au kidonge cha rivaroksabani miligramu 10 kwa siku, huendelea mpaka karibu siku 35. Usiikatize kwa kuwa unajisikia vizuri. Na kama unatumia ARV zenye ritonaviri, au rifampisini ya kifua kikuu, sema kabla ya kupewa rivaroksabani: ya kwanza huipandisha mno mwilini, ya pili huishusha.

Kurudi nyumbani kodi gari dogo, kaa kiti cha mbele kilichosukumwa nyuma na kuinuliwa kwa mto. Tandika kavera (mfuko wa plastiki) juu ya kiti: kaa kwanza matako yakiwa ndani na miguu nje, kisha zunguka ukiteleza. Safari ndefu, tuseme Gulu, simama kila saa utembee dakika tano. Taksi ya abiria 14 na boda zisubiri. Mwanamke asikae upande kwenye boda hata baada ya kuruhusiwa kupanda, kwa maana mkao huo unapindisha nyonga kwa namna ileile iliyokatazwa.

Nyuzi hutolewa siku ya 12 hadi 14. Mshono usipakwe majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji.

Maisha ya kijana

Kazi ya mezani hurudiwa baada ya wiki 6 hivi, ya mikono baada ya miezi 3. Jembe la mpini mfupi linamtaka mtu ajikunje kabisa. Weka mpini mrefu. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20: tumia za lita 5, na ukibeba moja, ibebe mkono wa upande uliopasuliwa. Inaonekana kinyume, lakini ukibeba upande wa pili, misuli ya nyonga iliyopasuliwa hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi na kukigandamiza kiungo. Kuogelea, baiskeli na kutembea ni sawa. Mpira wa miguu na mbio za kila siku vitaimaliza bitana. Tungependa kusema vingine, lakini sivyo.

Tendo la ndoa huruhusiwa kwa kawaida baada ya wiki 6 hadi 8, aliyepasuliwa akiwa chali, magoti yakiwa mbali kidogo na yameegemezwa mito. Daktari asipolitaja, liulize. Mimba na kujifungua kwa njia ya kawaida vinawezekana. Nyonga ya bandia peke yake si sababu ya kupasuliwa. Mkunga aambiwe tu asikunje na kugeuza mguu huo kwa nguvu.

Kupiga magoti kusalimia wakwe kusubiri miezi 3 na ruhusa ya daktari. Baada ya hapo shika kiti, tanguliza goti la upande uliopasuliwa, kiwiliwili kikae wima, na usikalie visigino. Waambie wakwe mapema, watakuletea kiti. Muislamu aswali akiwa ameketi kitini. Msibani usikubali mkeka kwa kuona haya.

Mambo yanapoharibika

Ikichomoka, maumivu huja ghafla, mguu hufupika na kugeuka, na huwezi kuukanyaga. Usimruhusu mtu auvute, fundi wa mifupa wa kijijini wala jirani. Uwekewe mito, upelekwe hospitali, na usile chochote kwa sababu utalazwa usingizi kwa dawa ili irudishwe.

Shavu la mguu (nyuma, chini ya goti) likivimba na kuuma upande mmoja, au pumzi ikakata ghafla na kifua kuchoma, hilo huenda ni donge la damu. Nenda usiku huohuo. Mwenye selimundu mwenye homa na kifua kubana asisubiri pia.

Usaha hupata takriban 1 kati ya 100, zaidi kwa selimundu na kisukari. Mshono unaotoa maji baada ya siku ya 7, wekundu unaotambaa, au maumivu yaliyopungua kisha yakapanda: rudi kwa aliyekupasua. Usimeze antibiotiki za kliniki ya mtaani kabla maji ya kiungo hayajavutwa, isipokuwa umezidiwa na homa. Dawa hizo huua vijidudu vya juujuu na kuacha vilivyojificha kwenye chuma; maabara haitaviona, na wiki za mwanzo ambazo kuosha tu kungeokoa vyuma zitakuwa zimepita.

Hatari hiyo haiishi. Miaka kumi baadaye jipu, jino au mkojo unaochoma vinaweza kusafirisha vijidudu hadi nyongani, basi vitibiwe mapema. Sindano ya tako wapige upande mwingine, au mkononi.

Picha za ufuatiliaji

Eksirei ya wiki 6 ndiyo kipimo cha kulinganishia zote zitakazofuata. Chukua nakala yako. Nyingine hupigwa mwaka wa kwanza, halafu kila mwaka mmoja au miwili kwa kijana, hata kama hakuna maumivu. Plastiki inapoula mfupa haiumi mpaka mfupa umekwisha, na daktari akiiona mapema anaweza kubadilisha bitana na kichwa tu, kikombe na shina vikabaki. Nenda na filamu zote za zamani, zikiwa zimeandikwa tarehe, pamoja na ile karatasi ya stika.